Nyasi za Nyika na Bustani za Voi

Ukisimama kwenye ukingo wa Chawia asubuhi, ukungu ukiisha kupanda, utaona nchi mbili kwa mara moja. Nyuma yako uko msitu mdogo, ambao hata hekta mia hautimizi, baki la misitu iliyoifunika milima ya Dawida zamani. Miti yake hudondosha matone hata siku isiyo na mvua. Mbele yako nchi huporomoka ghafula mpaka Mwatate, na kutoka Mwatate hujinyosha tambarare kuelekea Voi, na huko chini, sehemu kubwa ya mwaka, rangi ya ardhi ni rangi ya ngozi ya simba. Mvua ya Voi kwa mwaka mzima haizidi sana milimeta 550. Huja kwa misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Novemba hadi Disemba, na upo mwaka ambao msimu mmoja hupita bila kubisha hodi.

Mimi nilizaliwa huko juu, na kazi yangu ya ualimu iko huko chini. Nimekula ugali wa nchi zote mbili, kwa hiyo nadhani nina haki ya kukusimulia, msomaji, habari ya kitu ambacho watu wa nchi zote mbili hukikanyaga kila siku bila kukitazama. Kitu hicho ni nyasi. Sisemi habari ya malisho ya ng'ombe tu, ambayo mabwana mifugo wamekwisha kuiandikia. Nasema habari ya nyasi za asili za nyika hii, jinsi zilivyoheshimiwa, jinsi zilivyodharauliwa, na nafasi ziwezayo kupata katika bustani za nyumba na shule zetu.

Labda utacheka. Bustani, utasema, ni maua, na nyasi ni uchafu wa kuondolewa. Hata mimi nilifunzwa hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, adhabu ya kuchelewa ilikuwa kung'oa nyasi. Kila mkosaji alipimiwa kipande chake kwa hatua, na hakuruhusiwa kuinuka mpaka kipande kiwe cheupe kama sahani. Kila Ijumaa uwanja mzima ulifagiliwa kwa matawi, na mgeni akija alisifu usafi wetu. Mvua ya Novemba iliponyesha, maji yalipita kati ya madarasa yakiwa mekundu na mazito, yakaenda zake bondeni. Nilipofika darasa la nane, msingi wa darasa la kwanza ulikuwa umebaki wazi kiasi cha mtoto kuweza kuuketia kama benchi. Tuliketi juu yake wakati wa mapumziko, tukala mihogo, wala hapana mtu aliyeulizana na mwenziwe udongo umekwenda wapi.

Nataka niwe mwadilifu. Desturi ya kuuacha uwanja mtupu haikuzuka kwa ujinga. Nyoka hujificha katika nyasi ndefu, kupe hupanda juu ya majani wakingoja mguu wa kupita, na moto wa kiangazi hufuata nyasi kavu mpaka ukutani. Mama anayefagia uwanja wake alfajiri anajua anachofanya. Lakini babu zake mama huyo walifagia karibu na mlango tu. Mbali kidogo na mlango waliziacha nyasi, kwa kuwa walikuwa wanazihitaji.

Walizihitaji kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa nyasi. Nyumba ya kale ya Mtaita ilikuwa ya mviringo, imeezekwa nyasi toka kileleni, na ndani yake walilala watu, na mara nyingi mbuzi pia. Paa la namna hiyo hula mafungu mengi, nalo huoza, hivyo lazima liezekwe upya baada ya miaka kadhaa. Basi kila ukoo ulijua ni mteremko gani unaotoa nyasi ndefu zilizonyoka, na mchungaji aliyewaachia mbuzi wake kuingia huko alikuwa na kesi ya kujibu. Nyanya yangu alinionyesha mteremko mmoja wa namna hiyo chini ya Chawia. Siku hizi pana mahindi yaliyokonda. Mabati yalipoingia, nyasi zilipoteza kazi yake, na kitu kisicho na kazi hakina mlinzi.

Nyika iliyoko chini nayo ina historia yake, na historia hiyo si ya kutulia hata kidogo. Mjerumani Johannes Rebmann, mishenari aliyekuwa na makao Rabai, aliikata nyika ya Taru kwa miguu akafika Kasigau mwaka 1847. Mwaka uliofuata akapita Bura, chini tu ya milima yetu, akaendelea magharibi, na mwezi wa Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka 1877 mtaalamu wa mimea Hildebrandt, naye Mjerumani, alipita Taita akikusanya majani na maua na kuyakausha katika karatasi. Kisha yakaja maafa. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1884, ambayo wazee wa Taita huiita Mwakisenge, iliua wengi na kuwatawanya wengine. Baada yake, kiasi cha mwaka 1890 na 1891, sotoka ilishuka toka kaskazini ikafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Mahali pengi ambapo ng'ombe na watu walitoweka, vichaka vya miiba vilisonga mbele vikazisonga nyasi. Kwa hiyo wageni waliokuja na reli wakaona pori lenye miiba, wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu kuumbwa, walikuwa wanatazama jeraha bichi.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipita Voi, na kufikia Machi 1898 kazi ilikuwa kwenye daraja la Tsavo, ambako simba wawili waliwasumbua wajenzi mpaka wakapata sifa ya dunia nzima. Sifa ya simba imetufunika macho tusione jambo dogo zaidi: pamoja na reli zilikuja bustani. Maofisa wa serikali na wa reli walipenda kuona mbele ya nyumba zao yale waliyoyazoea au waliyoyaona katika makoloni mengine. Ndiyo sababu hata leo bustani zetu ni mkutano wa wageni: bogenvilia na jakaranda za Amerika ya Kusini, msanapichi, mjohoro na mwarobaini wa Asia. Sina ugomvi nao. Mwarobaini hunipa kivuli nikisahihisha madaftari. Ila wageni hawa walikuja na wazo moja ambalo ni ghali kuliko wao wenyewe, yaani kwamba nyasi nzuri ni zile za kijani kibichi, fupi, zilizonyweshwa kila jioni kwa mpira.

Hapa lazima nitaje maji. Bomba kubwa la kupeleka maji ya chemchemi za Mzima mpaka Mombasa lilikamilika mwaka 1957, na Voi hupata sehemu yake. Hata hivyo, mtu yeyote aliyeishi Voi anajua maana ya mfereji unaokoroma bila kutoa tone, na anajua bei ya dumu moja likiletwa kwa mkokoteni. Kumwagilia uwanja wa nyasi katika mji kama huo ni kumpa kiti mgeni huku mwenyeji amesimama.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Huko Marekani dhoruba za vumbi zilikuwa zinafunika mashamba yote, na habari zake zilivuka bahari. Mwaka 1938 idara ya kilimo ya Kenya iliunda sehemu ya kuhifadhi udongo chini ya Colin Maher. Wakulima waliamrishwa kuchimba matuta na kupanda mistari ya nyasi kukinga maji. Shauri lenyewe lilikuwa jema. Namna ya kulileta ilikuwa mbaya. Watu walitolewa kwa nguvu kufanya kazi bila malipo, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waligoma kabisa kuchimba matuta. Toka siku hizo, mahali pengi, nyasi zilizopandwa kwa mstari zikawa na harufu ya amri na faini. Mimi naona kwamba adhabu yetu ya shuleni ni mjukuu wa mambo hayo kwa njia ya kupinduka: mkoloni alimwadhibu mtu kwa kumpandisha nyasi, nasi tukawaadhibu watoto kwa kuwang'olesha. Kwa vyovyote nyasi zilijulikana kuwa ni kazi ya mwenye kosa.

Wakati huo huo, lakini, wapo waliozitazama nyasi hizo kwa upendo. Mwaka 1951 Edwards na Bogdan walitoa kitabu juu ya mimea muhimu ya malisho ya Kenya, na mwaka 1958 Bogdan, aliyekuwa akifanya kazi Kitale, akatoa orodha iliyosahihishwa ya nyasi za Kenya pamoja na namna ya kuzitambua. Mtu akiona orodha hiyo ataacha kusema neno nyasi kana kwamba ni kitu kimoja.

Nami nikutajie chache tu unazoweza kuziona ukishuka toka Mwatate kwenda Voi. Iko Themeda triandra, ambayo ikikomaa hugeuka nyekundu ya kutu, na upepo ukivuma mteremko wote huonekana kama unatembea. Msomi Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeipa jina hilo, lililochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1775. Nyasi hii hii imeenea mpaka Australia. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi. Mkia ukilowa hujinyongorota, ukikauka hujinyonga tena, na kwa kuzunguka hivyo huisukuma mbegu katika ufa wa udongo kama keekee ya seremala. Iko Cenchrus ciliaris, yenye suke laini kama mkia wa mbweha. Iko Eragrostis superba, ambayo vishada vyake ni bapa, vimepangana kama magamba, na hutikisika kwa pumzi ya mtu. Iko Enteropogon macrostachyus, mpenda kivuli cha vichaka. Zote nne hudumu miaka mingi, na zote hukua kwa shina lenye machipukizi mengi pamoja, si kwa kutambaa kama ukoka.

Huvumiliaje ukame? Kwanza, mizizi yake ni mingi na myembamba, nayo hulishika tone kabla halijatoroka. Pili, kiangazi kikizidi, majani hufa lakini moyo wa shina hubaki hai karibu na ardhi, umefunikwa na hayo majani makavu. Tatu, nyasi hizi hutengeneza chakula kwa njia ya pekee ambayo wanabiolojia huiita C4; kwa njia hiyo jani hupata kaboni ya kutosha huku matundu yake yakifunguka kidogo tu, na maji hayapotei ovyo. Kwa hiyo nyasi kavu ya mwezi wa Septemba siyo maiti. Ng'oa moja uitazame tako lake, utaona weupe ulio hai.

Nyika yenyewe ilituonyesha jambo hili kwa kiasi kikubwa sana. Hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, ikachukua zaidi ya nusu ya nchi ambayo leo ni Kaunti ya Taita Taveta. Habari ya malisho na njia zilizopotea kwa wenyeji ni ndefu na chungu, na yafaa kuandikiwa insha yake peke yake. Ndani ya hifadhi tembo waliongezeka, wakaangusha miti ya jamii ya manemane, na katika miaka ya 1950 na 1960 vichaka vikubwa vikageuka mbuga. Wataalamu wakagombana. Richard Laws alitaka tembo wengine wauawe ili miti ipone. David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, akasema nchi iachwe ijitengeneze. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukakata shauri kwa ukatili: yapata tembo 6,000 walikufa, wengi wao majike na watoto, kwa kukosa chakula karibu na maji. Lakini mvua ziliporudi, nyasi zilichipuka mahali palipokuwa vumbi tupu, bila kupandwa na mtu.

Sasa twende mbali kidogo, maana nyasi zetu nazo zimesafiri. Katika miaka ya 1940 mbegu za Cenchrus ciliaris zilizotoka Turkana, kaskazini mwa Kenya, zilijaribiwa Texas, Marekani, na kabla ya mwaka 1950 zilikuwa zimegawiwa wafugaji wa huko kwa namba T-4464. Zilistawi kupita walivyotazamia. Leo nyasi hiyo imeingia katika jangwa la Sonora, Arizona, ambako mimea ya asili haikuzoea moto. Nyasi hukauka, huwaka, na huunguza madungusi makubwa yenye umri wa miaka mia na zaidi. Watu wa huko hujitolea siku za mapumziko kuing'oa kwa sururu. Ndugu yake, Pennisetum setaceum, aliyechukuliwa Afrika kwa uzuri wa masuke yake na kupandwa katika bustani, amefanya uharibifu wa namna hiyo hiyo Hawaii. Nyasi yenye tabia njema kwao yaweza kuwa jambazi ugenini, na hilo latuhusu hata sisi: ukiona duka la miche linauza nyasi nzuri isiyo na asili hapa, uliza kwanza inatoka wapi.

Hapa nyumbani kazi ya kuzirudisha nyasi za asili imefanywa kwa bidii tangu zamani. Baringo, mradi ulioanza mwaka 1982 umepanda Cenchrus na Eragrostis katika ardhi iliyokuwa imekuwa ngumu kama sakafu, na wafugaji wakaweza kukata majani na kuuza mbegu. Huko Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, watafiti wa serikali wamezichunguza nyasi hizi kwa miaka mingi. Wote hao walifikiria ng'ombe. Nami nikafikiria kipande cha uwanja mbele ya ofisi ya walimu.

Tulianza vibaya. Mwaka wa kwanza tulipanda mwezi wa Machi mbegu tulizozikusanya Januari, tukazitupa juu ya ardhi kavu, tukaridhika. Sisimizi walibeba mbegu mchana kutwa mbele ya macho yetu, zilizobaki hazikuota. Nilichekwa katika chumba cha walimu, na ilisemwa kwamba mwalimu wa historia amewapeleka watoto kulisha wadudu. Kulikuwa tayari na shauri la kutandaza vitofali uwanja wote, na kamati ikatupa mwaka mmoja tu.

Aliyetuokoa ni mzee mlinzi wa usiku, mtu wa Sagalla, aliyechunga mbuzi utotoni. Alinikuta jioni moja nikitazama kile kipande kitupu.

“Mwalimu,” akasema, “mbegu hizi uliziweka muda gani?”

“Miezi miwili, mzee.”

“Bado zilikuwa zimelala. Ziache zilale mpaka zichoke kulala. Na ardhi hii umeifunga mlango. Maji yenyewe hayaingii, mbegu itaingiaje?”

Vitabu, nilipovirudia, vilisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Mbegu mpya ya nyasi nyingi za nyika haioti vema mpaka ipumzike miezi sita au zaidi mahali pakavu. Basi tulikusanya tena mwezi wa Juni, kandokando ya barabara na katika mashamba tuliyoruhusiwa, kamwe si ndani ya hifadhi. Tulikausha kivulini, tukaweka katika mifuko ya nguo, tukachanganya na zile za Januari zilizosalia. Mwezi wa Oktoba wanafunzi walivunja gamba la ardhi kwa jembe, wakachimba vijifereji vifupi vya kukingama mteremko, kina cha kiganja, ili maji yasimame badala ya kukimbia. Mbegu zikafunikwa udongo mwembamba usiozidi unene wa ukucha, na juu yake tukatandaza matawi ya miiba kuzuia mbuzi na ndege. Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba. Siku ya tisa nyuzi za kijani zilitokea katika vijifereji vyote isipokuwa kimoja, ambacho wavulana fulani walikuwa wamekifanya njia ya kwenda jikoni.

Msimu wa kwanza tulipalilia tu. Msimu wa pili tuligawanya mashina makubwa wakati wa mvua na kuyahamisha. Fupi tumezipanda karibu na njia, ndefu zimekaa hatua kumi toka ukutani, na kati yake tumeacha ukanda unaofagiliwa kila asubuhi, ili mwenye kuogopa nyoka aone mguu wake unapokanyaga. Mwisho wa kiangazi hukata makavu kwa mundu na kuyatandaza penye upara. Maji ya mfereji hayajamwagwa hapo tangu msimu wa kwanza. Kamati ilikuja, ikatazama, ikasema habari ya vitofali iahirishwe.

Imebaki kazi moja. Wanafunzi wangu wanaandaa daftari la nyasi za bustani yetu, kila moja na jina lake la kitaalamu na jina lake la Kidawida au Kisagalla. Aina tulizo nazo ni saba. Waliporudi likizoni waliwauliza nyanya zao, wakibeba kila mmoja fungu dogo la masuke, nao walirudi na majina ya aina nne, wakibishana kwa furaha juu ya matamshi. Kwa zile tatu nyingine nyanya waligusa masuke, wakanusa, wakasema kwamba mama zao walikuwa na jina lake. Tumeziandika kwa Kilatini, na kando yake tumeacha mstari mtupu.